Ruta ya Makote Iliyopona Kila Nilipofika

Wadogo zangu wa ofisi ya Masasi, mliponiaga kwa pilau na soda mlinipa kazi ya mwisho: niandike niliyoyaona, kwa sababu mlidai kwamba nikiondoka nayo yataondoka. Nimekubali. Nipo nyumbani Lulindi, kuku wangu wameshachoka kupangiwa zamu, na mume wangu ameniomba kwa heshima zote nitafute kitu cha kufanya kabla sijaanza kumkagua na yeye. Vyeo sitaviandika, vimo kwenye mafaili. Mshahara nao nauacha, nisije nikawavunja moyo na bado mna miaka mingi mbele. Nitaandika habari za waya, za taa ndogo za kijani na za watu waliotuita, na zaidi ya yote habari ya ruta moja ya Makote, kijisanduku cha kutangazia waifai. Humo humo nitajibu swali lenu, kwa nini siku ile niliacha sahani ya pilau mezani nikatoka nje kuipungia mikono simu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Siku yangu ya kwanza nilifika ofisini na sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kanisani. Zama hizo simu ilikuwa bado ya waya, na wanawake tulizoeleka kukaa ndani kuunganisha maongezi ya watu, si kupanda nguzo. Mimi niliajiriwa kama fundi. Mzee Chitanda, mkuu wa mafundi wa laini, alinitazama usoni, akanitazama viatu, akaniuliza swali moja tu: kama naogopa nyuki. Makasha yetu ya waya yaliyosimama barabarani yalikuwa na nyuki wengi kuliko waya. Nikasema naogopa sana. Akasema vizuri, maana aliyekuwapo kabla yangu hakuogopa, na ofisi nzima ilivimba. Akanipa mabuti ya mpira yaliyoweza kunibeba mimi na dada yangu, tukaondoka.

Mzee Chitanda alikuwa Mmakua wa huku kwetu, mfupi, mwenye sauti ya kunong'ona, na hakuwahi kugusa kifaa cha mtu kabla ya salamu kwisha. Salamu zake zilikuwa ndefu. Aliulizia watoto, mihogo, mikorosho, mguu wa bibi, kisha mikorosho tena. Mimi nimesimama pembeni na bisibisi mkononi, nachemka. Siku moja tukiwa Newala nikamwambia kwamba kwa mwendo huo nyumba ya pili tutaifikia kesho. Hakukasirika. "Mwanangu," akasema, "simu haiwezi kukwambia inaumwa nini. Wenye nyumba ndio wanajua, ila hawajui kama wanajua." Niliyachukulia kuwa maneno ya mtu anayesubiri chai, na kweli chai ilikuwa inakuja.

Kitu kingine alichonifundisha ni kupima joto kwa mgongo wa mkono. Kiganja, alisema, kimezoea sufuria na jembe, hakishtuki mapema. Ukitaka kujua kifaa kimepata moto, kiguse kwa upande wa nyuma wa vidole, taratibu, namna mama anavyomgusa mtoto shavuni. Hadi leo kila kitu nakigusa hivyo, transfoma, betri, wajukuu na chapati. Vifaa vya kupimia nimepewa vingi katika miaka yangu, na karibu vyote vilikufa betri siku ya haja. Mkono haujafa bado.

Tulizunguka na laini zile kutoka Masasi hadi Newala, tukipanda mteremko wa Makonde na nyaya begani. Tulikuta watu wameanika nguo kwenye waya wa simu, na mahali pengine tulikuta nguo zipo, waya haupo, umeibwa. Kisha zikaja simu za mkononi, na waya ukawa kama babu ambaye kila mtu anampenda lakini hakuna anayemtembelea. Mzee Chitanda alistaafu akisema hawezi kutengeneza kitu kinachopita hewani asikione. Mimi nilibaki nikapelekwa kujifunza mambo ya mtandao, nikiwa mkubwa kuliko mwalimu wangu, ambaye aliniamkia kila asubuhi kabla ya kunisahihisha. Ndipo tukaanza kufunga madishi madogo juu ya mapaa na ruta vyumbani, kazi ambayo nyie mmeikuta.

Naomba niwe mwalimu kwa aya moja tu. Mteja akikwambia waifai haionekani, usikimbilie kufungua kitu. Tazama taa. Ipo ya umeme, ipo ya mtandao unaoingia kutoka kwenye dishi, na ipo ya waifai yenyewe, ile yenye alama ya mawimbi. Zikiwaka zote isipokuwa hiyo ya mwisho, ujue mtandao umefika nyumbani salama, ila ruta imenyamaza, haiutangazi. Kisha tafuta kitufe cha nyuma cha kuzimia waifai, kidogo kama punje ya mtama, kilichowekwa mahali ambapo kila anayefuta vumbi lazima akibonyeze. Nusu ya safari zangu za Chiungutwa zilikuwa za kubonyeza kitufe hicho. Nilikuwa nakibonyeza nimempa mteja mgongo, nimekunja uso kidogo, ili yeye asijione mjinga na mimi nisionekane nimekuja bure.

Yapo na mengine. Kuna mwenye duka aliyefungia ruta yake ndani ya sanduku la bati, akatia kufuli, kisha akalalamika kwamba waifai haitoki nje. Nilimweleza kwamba ameifunga jela na sasa anashangaa haiendi sokoni. Kuna kijana wa Newala aliyeficha jina la mtandao wake ili majirani wasiombe kuunganishwa, akalisahau na yeye mwenyewe. Kuna bwana mmoja aliyesikia kwamba ruta ikipata moto hulegea, akaiweka kwenye friji. Huyo nilimsalimia tu kwa muda mrefu.

Sasa Makote, kule Newala. Nje kidogo ya barabara, nyuma ya mteremko, kuna nyumba ya mjane mmoja, Bi Somoe, ambaye sisi wote tunamwita Mama Bakari. Amenizidi umri kwa mbali, namwamkia, naye huniita Mama Neema. Anaishi na Fatu, binti wa marehemu dada yake, msichana mkubwa mwenye kupenda usafi kupita kiasi. Mwanawe wa pekee, Bakari, ni fundi wa kuchomelea mageti Mtwara mjini. Bakari ni kiziwi. Alizaliwa anasikia vizuri, akaota meno anasikia, hata nyimbo za kina mama akawa anaziitikia. Kisha akapatwa na homa kali, akalazwa hospitali, usiku akalala usingizi, na alipoamka dunia ilikuwa imenyamaza.

Shule ya viziwi hakuipata. Yeye na mama yake walijitengenezea lugha yao ya mikono, humo humo jikoni na shambani kwenye mikorosho. Ishara zile hazikuandikwa popote na hakuna mtu wa tatu anayezijua zote. Fatu anajua za jikoni tu. Bakari alipokwenda kutafuta kazi Mtwara, mama mtu akabaki na simu ambayo haimfai kitu, kwa maana kiziwi utamwambia nini kwenye simu. Halafu pale kwao, nyuma ya mteremko, hata hiyo simu ya sauti haishiki mpaka upande kilimani.

Bakari ndiye aliyepata wazo. Alichomelea mlingoti wa chuma kwa mikono yake, mrefu kuliko mikorosho yote ya pale, akaupakia kwenye lori hadi Makote. Rafiki yake wa karakana, Dulla, akatupigia simu kuomba dishi. Nilikwenda kulifunga mwenyewe. Jioni ile, baada ya swala ya magharibi, uso wa Bakari ukatokea kwenye simu ya mama yake, na wale wawili wakaanza kuongea kwa mikono wote kwa wakati mmoja, hakuna anayemsubiri mwenzake, kama majirani waliokutana sokoni. Nilisimama pale na plaizi yangu nikasahau kuondoka. Tangu siku hiyo waliongea kila jioni.

Shida ilianza mwaka uliofuata, majira ya salfa. Nyie wa huku mnajua ilivyo: alfajiri mashine za kupulizia zinanguruma mashambani, unga wa njano wa dawa unapanda kwenye mikorosho, na hadi adhuhuri umeshaingia kwenye vyungu, kwenye vitanda na kwenye masikio. Fatu alipanda kilimani akanipigia kwamba waifai imepotea kwenye simu. Nikamwambia nakuja kesho. Nikaja. Ruta ilikuwa juu ya meza yake ya pembeni, taa zote zinawaka, safi, inang'aa. Simu ikashika waifai mara moja. Tukanywa chai na mihogo ya kuchemsha, nikaondoka.

Baada ya siku chache Fatu akapanda tena kilimani. Nikaja tena, nikakuta ruta nzima kama yai. Safari hiyo nilibadilisha chaneli, nikakagua waya wa dishi kutoka juu hadi chini. Safari nyingine nikabadilisha adapta. Mara zote uwanja umefagiliwa, jamvi jipya limetandikwa, chai ipo, ruta inapumua vizuri. Kuna mafundi ambao mteja wa namna hiyo wangemwona msumbufu. Mimi niliudhika na ruta. Ilikuwa inanifanya nionekane sina kazi.

Mwishowe nikaing'oa kabisa, nikaweka mpya ya kiwanda kingine. Haikupita wiki, Fatu huyo kilimani. Hapo nikajua kwamba ugonjwa hauko ndani ya ruta, kwa sababu ruta mbili zisizojuana haziwezi kuugua ugonjwa mmoja. Ugonjwa uko ndani ya nyumba. Nikawauliza kila kitu: imeanguka? Imemwagikiwa maji? Panya je? Huwa mnaihamisha? Mama Bakari akanijibu kwa unyoofu kabisa kwamba haijatoka mahali pale hata siku moja, ipo pale pale ninapoiona. Joto sikulifikiria hata kidogo, maana yale ni majira ya baridi ya Newala, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa sweta mbili. Nikala mihogo yao, nikaisifia rangi khanga moja nyekundu iliyokuwa imekunjwa vizuri kwenye kiti karibu na ruta, nikarudi Masasi na kichwa kizito.

Katikati ya hayo Mama Bakari akateleza kwenye ngazi za kisima chao cha maji ya mvua, akavunjika mguu. Hospitali walimlaza kwa dawa ya usingizi wakauunganisha mfupa, akarudi nyumbani na hogo zito la plasta kuanzia gotini kwenda chini. Bakari hakuambiwa. Mama alisema kijana akijua ataacha kazi aje kumbebea maji. Siku ambazo waifai ilikubali, alikaa kitini amejifunika mapajani, simu ikimwonyesha kuanzia kifuani kwenda juu, akaongea na mwanawe kama mwanamke mwenye miguu miwili mizima.

Asubuhi moja nilikuwa Newala mjini kwa mteja mwingine. Simu ikalia, namba siijui. Alikuwa Dulla, yule rafiki wa karakana. Aliniamkia, na nilipoitikia tu akaanza kusema haraka haraka.

"Mama, Bakari tumemleta hospitali. Ni ngiri, utumbo umenaswa. Wanasema lazima apasuliwe leo hii, wakichelewa watampoteza. Wakimsogelea na sindano ya usingizi anawasukuma, anajifunika macho, analia. Hatujui anataka kusema nini. Sisi tunajua alama za kazi tu, leta, kata, tukale. Na mama yake hapatikani hewani."

Nilimwambia akae karibu na Bakari na simu isiishiwe chaji. Kompyuta yangu ya kazini, ambayo ningeweza kuiunganisha kwa waya bila kuhitaji waifai, ilikuwa kwenye begi, ila kamera yake ilikuwa imekufa zamani, na nyie mnajua ni mara ngapi niliomba itengenezwe. Nikawasha pikipiki ya ofisi. Kwa kawaida sifiki nyumbani kwa mteja bila kutanguliza taarifa. Ndio utaratibu wetu na ndio adabu. Siku hiyo sikuwa na wa kumpigia. Niliendesha vile ambavyo niliwakataza nyie wote msiendeshe, na ndugu yenu wa gereji anashuhudia kwamba tairi la nyuma halikuwa sawa tena.

Nilipiga hodi huku natembea. Uwanja haukuwa umefagiliwa. Unga wa salfa ulikuwa umetanda juu ya kila kitu, kwenye ngazi, kwenye dirisha, kwenye ndoo. Fatu alitoka jikoni, akaniona, akashtuka, akaniamkia na papo hapo akageuka kukimbilia ndani. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema, "Nisubiri kidogo mama, naandaa, kote kuchafu." Nikamwambia asiguse chochote. Sauti yangu ilimsimamisha mlangoni.

Nikaingia. Mama Bakari alikuwa kwenye kiti chake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, khanga mapajani. Na pale mezani, mahali pa ruta, palikuwa na kifurushi kimeviringishwa khanga nyekundu, ile niliyoisifia, imezungushwa mara kadhaa na kufungwa fundo juu, antena mbili zimechomoza kama masikio ya sungura. Maandishi ya khanga ile yalihusu wivu wa jirani, siyarudii hapa. Nikapitisha mgongo wa mkono chini ya kitambaa. Kulikuwa na moto wa kikaango. Taa ya umeme inawaka, ya dishi inawaka, ya waifai imezimika.

Nilielewa yote pale niliposimama, na nilitaka kucheka na kulia pamoja. Kila salfa ilipopulizwa, ruta ilifungwa nguo isiingie vumbi. Ikakosa hewa humo ndani, ikapandwa na joto, ikazima waifai kujiokoa. Wao wakapanda kilimani wakaniita. Na kwa kuwa mgeni anakuja, wakafagia uwanja, wakafuta vumbi, wakaifungua ruta, wakaikunja khanga vizuri na kuiweka kitini, wakabandika chai. Hadi nafika, imeshapoa na kupona. Ni heshima yao iliyokuwa ikinificha ugonjwa. Makote nzima ilikuwa ya njano majira yale na ruta peke yake haikuwa na chembe ya vumbi, nami nikaona ni usafi wa Fatu.

Mama Bakari aliniona nimeshika fundo. "Vumbi hili linaua vitu, Mama Neema," akasema, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Chimakonde. "Na baridi hii. Mwanangu anapitia humo. Nikaona nimfunike."

Sikuwa na muda wa kumjibu. Nilimwambia habari ya Bakari, kwa kifupi, yote. Hakupiga kelele. Alimwambia Fatu alete ungo.

Sikilizeni hapa, ni ufundi. Ruta iliyopata moto usiizime na kuiwasha papo hapo ukadhani umetibu. Itawaka, itaona bado ina joto, itazima tena. Nilichomoa umeme, nikaifungua khanga, nikaisimamisha upande ili hewa ipite kwenye matundu ya pande zake zote mbili. Mama Bakari akaomba asogezewe meza, akashika ungo kwa mikono miwili, akaanza kuipepea. Alipepea kama anapepeta mchele wa sherehe, mfululizo, macho hayabanduki. Mimi kila mara naweka mgongo wa mkono. Bado. Bado. Fatu amesimama na simu kifuani, midomo inasoma dua. Nilitamani kuiwasha mapema, mkono ukanikatalia, nikautii. Ulipokubali, nikachomeka umeme. Ikawaka taa ya umeme, ikawaka ya dishi, kisha kwa uvivu wake wote ikawaka ile ya mawimbi.

Dulla alipokea papo hapo. Simu nikaishika mimi, maana Mama Bakari alihitaji mikono yake. Nilikuwa nimeona wakiongea zamani, lakini si kwa karibu namna ile. Bakari alikuwa kitandani, amejikunja, jasho usoni. Alipomwona mama yake mikono yake ikaanza kusema, kwa kasi, na mara kwa mara ikarudi kwenye macho na kuyafunika. Mama akawa anatutafsiria huku anamjibu, na Dulla upande wa pili anamwambia daktari.

"Anasema alipolala hospitali akiwa mdogo, walichukua masikio," alisema Mama Bakari. "Anasema leo wakimlaza watachukua macho. Anasema afadhali afe anaona."

Kule Mtwara nilisikia daktari akiguna, kisha akasema taratibu mama amwambie kwamba dawa hii haigusi macho. Mama akamwambia. Bakari akatikisa kichwa. Akamwambia tena kwa ishara nyingine. Akatikisa kichwa. Jinsi nilivyomwelewa, hakuwa anabishana na daktari. Alikuwa anakumbuka, na kumbukumbu ile ilikuwa ya kweli.

Mama Bakari akashusha mikono. Akanitazama, akaniambia nishushe simu, niielekeze chini. Sikuelewa. Akashika khanga iliyokuwa mapajani mwake, akaivuta, akaitupa sakafuni. Nikaliona hogo lote, na Bakari akaliona.

Niliporudisha simu usoni kwake alikuwa anaongea polepole, ishara moja moja, kubwa, kiasi kwamba hata mimi ambaye Chimakonde changu chenyewe ni cha kuombea maji niliweza kufuata. Mimi, kifuani. Nilianguka. Nikapelekwa kwa madaktari. Nikachomwa sindano, hapa. Nikalala, shavu juu ya kiganja. Wakanitengeneza mfupa. Nikaamka. Akagusa sikio moja, la pili, akapiga makofi mara moja, akamwitikia kwa kichwa kwamba nasikia. Akagusa jicho moja, la pili, akaupeleka mkono mbele hadi karibu na kioo cha simu, ulipokuwa uso wa mwanawe. Nakuona.

Mikono ya Bakari ikaanza kujibu. Safari hii alikuwa mkali. Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Ananigombeza," akasema. "Anauliza kwa nini nilimficha mguu. Anasema akipona atakuja kuniadhibu." Kule upande wa pili Bakari, amejikunja vile vile kwa maumivu, akamnyooshea daktari mkono wake wenye makovu ya kuchomelea, ili achomwe sindano.

Tulisubiri. Fatu alipika chai ambayo hakuna aliyeinywa. Alasiri Dulla akapiga, akaielekeza simu kitandani. Bakari alikuwa hajachangamka, midomo imekauka, lakini macho yalikuwa wazi. Akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Halafu akainua kidole, akagusa jicho moja, la pili, akaunyoosha mkono hadi karibu na kioo.

Mimi nilitoka nje nikajifanya nakagua mlingoti. Ulikuwa mzima kabisa, mtu yule anajua kuchomelea.

Tangu siku hiyo ruta ya Makote iko ukutani, wazi, na Fatu anaipangusa vumbi kwa brashi laini ya rangi niliyompelekea. Khanga nyekundu nilipewa mimi, na nikikataa ningekuwa nimewatukana. Kwenu nyie wosia wangu ni kwamba mkikuta kifaa kinapona kila mnapofika, siku moja fikeni bila kutuma habari, ombeni radhi mlangoni, na mkubali kukosa chai.

Sasa lile swali lenu. Siku mliponiaga, nikiwa katikati ya pilau, aliyepiga simu ya picha ni Bakari. Alikuwa amefunga karakana, mama yake yupo pembeni, amekwenda kumtembelea Mtwara, miguu yote miwili mizima. Alikuwa ameambiwa kwamba nastaafu. Akanitazama, akaweka mgongo wa mkono wake shavuni, taratibu, akanielekezea kidole. Akarudia. Nikamwuliza Mama Bakari mwanawe anasema nini.

"Anakutaja," akasema. "Nilimsimulia ulivyokuwa unaigusa ile ruta siku ile. Kwetu sisi wawili hilo ndilo jina lako."

Ndiyo maana nilitoka nje. Sikujua namna ya kuitika jina la namna hiyo, basi nikaurudisha mkono wangu shavuni vile vile, nikasimama pale uwanjani kwetu Masasi na vidole vyenye mafuta ya pilau, nikiitika.